Mkono wa Lella Mannubia

Novemba 4

...na wala sikulia pale kituoni, Monji, usije ukawaambia rafiki zako wa Tunis kwamba mkeo alilia. Upepo ulikuwa na mchanga. Mama yako naye anasema ulikuwa mchanga, ingawa macho yake yeye yalikuwa makavu, kwa hiyo huenda mchanga ulinichagua mimi peke yangu.

Uliniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili ukirudi usome msimu mzima wa zeituni kana kwamba ulikuwepo. Haya, naanza. Koti lako la kijivu nimelitundika nyuma ya mlango, na kila nikipita nalishika mkono. Mama amenikuta nikilishika mkono, akajifanya anatafuta ungo. Mimi nimeolewa juzi tu, nina haki ya kusalimiana na koti.

Nimeikumbuka pia ile asubuhi ya juu ya paa, wiki ya harusi yetu, wiki ambayo kila bi harusi wa upande wa chini wa kijiji hupelekwa nyumba ya Ghzal kumbusu mkono bibi wa nyumba. Wewe hukunipeleka. Ulinipeleka juu ya paa ukanisomea sura ya nne ya kitabu chako juu ya watu wa upande wa chini. Mistari yake ya mwisho nimekwisha kuihifadhi: "Mama yangu ameubusu mkono ule maisha yake yote. Mke wangu hataubusu." Wenzangu niliosoma nao Gabes wameolewa na wenye maduka na wenye magari. Mimi nimeolewa na mtu aliyeniweka ndani ya sentensi. Mwisho wa Januari, ukishamaliza kuwasomea watu huko Tunis, kitabu kitaingia mtamboni kuchapwa, na watu wasionijua watanijua kwa jambo hilo moja. Nimelala na furaha hiyo, nikaamka nayo.

Novemba 6

Hakuna jipya. Nimepika mchuzi wa malenge wa watu watatu. Mazoea ya wiki mbili tu, na tayari mkono wangu hauwezi kupikia wawili.

Novemba 10

Leo tumeanza kuchuma. Mizeituni yote ya bonde la Wadi Rtam, kuanzia barabarani hadi makaburini, ni ya nyumba ya Ghzal, na sisi weusi wa upande wa chini ndio tunaoichuma, robo ya mafuta yetu, robo tatu yao. Wewe unalijua hilo tangu tumboni. Mimi niliyekulia mjini najifunza kwa vidole. Mama amenivalisha zile pembe za mbuzi, moja kwa kila kidole, akanionyesha jinsi ya kuchana tawi hadi zeituni zinyeshe kwenye turubai. Zaara, jirani yetu, alikuwa mti wa pili akinitazama na kucheka.

"Bi harusi, unauchana taratibu kama unausuka nywele. Huo hauolewi, mwanangu. Uvute."

Nilikuwa na furaha, Monji. Jua lilikuwa jepesi, chai inachemka kwenye moto wa vijiti, na kila mtu ananiuliza habari zako. Niliwaambia yote, hata yale wasiyoyauliza. Zaara akasema kama zeituni zingekuwa zinajazwa kwa maneno ya mapenzi, kapu langu lingekuwa limeshafurika.

Mchana likaja gari jeupe. Akashuka Salem Ghzal, ambaye nilimwona mara moja dukani, na mwanamke mzee mwenye shungi la hariri na uso mzuri, mweupe, wenye mikunjo ya kicheko. Alikuwa anakuja kwa shida kwenye udongo ule uliolimwa. Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Nikafanya nilichofundishwa na mama yangu kufanya kwa kila mzee: nikavua pembe, nikamshika mabega, nikambusu shavu la kulia, la kushoto, la kulia, nikamwambia, "Karibu, shangazi. Mungu abariki mavuno."

Miti yote ikanyamaza. Sijui nieleze vipi. Watu walikuwa juu ya ngazi, na hakuna aliyeshusha hata tawi.

Mzee yule hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa na mtoto asiye wake. "Huyu ni nani?" akauliza, lakini hakuniuliza mimi.

"Mke wa Monji, Lella," akajibu Zaara kutoka juu ya ngazi. "Wa mjini."

"Ah," akasema Lella Mannubia. "Wa mjini." Akageuka, akarudi garini polepole, mkono kwenye bega la mwanawe.

Sikujua kuwa ndiye Lella, bibi wa nyumba ya Ghzal, Monji. Mkono wake nilikuwa naujua tangu sura ya nne. Uso wake hukuwa umeniandikia.

Mama aliendelea kuchana mti wake, haraka zaidi.

Novemba 11

Lori la wachumaji limepita mlangoni bila kusimama. Mama alikuwa tayari amejifunga kitambaa cha kazi. Alidhani dereva kasahau.

Novemba 12

Lori limepita.

Novemba 14

Ijumaa, siku yako ya kupiga simu. Nilipanda juu ya paa mapema, maana mtandao uko pale pembeni tu, karibu na kizimba cha kuku. Ulivyosema "roho yangu" nikasahau yote niliyopanga. Nilipokusimulia ule mkasa wa mashavu ulicheka hadi ukakohoa. "Umembusu kama shangazi yako? Ramla, hilo nitaliongeza kitabuni." Na mimi nikacheka, kwa sababu kicheko chako kikianza hakiniachi nyuma.

Habari ya lori sikukwambia. Ulikuwa unanisimulia kuhusu mkutano, ukumbi ulivyojaa, binti wa chuo aliyesimama akasema hajawahi kumwona mwalimu mweusi. Ningeanzia wapi?

Ulipokata nilibaki na kuku.

Novemba 19

Zaara amekuja, lakini kwa mlango wa nyuma, akiwa amejifunika kana kwamba anakwenda kwa mganga. Mama hakuwepo. Nilimwekea chai, akainywa amesimama.

"Salem amesema hivi," akaniambia. "Anayetaka kitabu, ale kitabu. Na atakayesaidiana na nyumba hii ya Marzuka, naye asishangae lori likimpita. Mume wangu ndiye anayeliendesha lile lori, bi harusi. Nifanye nini?"

"Lakini kitabu hicho kinawatetea ninyi."

"Nimesikia. Kina kurasa ngapi?"

"Zaidi ya mia tatu."

"Zinaiva kwa moto gani?"

Akaweka glasi chini, akanitazama, si kwa ubaya. "Mumeo anatutetea akiwa Tunis. Sisi tunatetewa tukiwa hapa hapa. Mwambie hivyo, akipenda aandike na hilo." Kisha akasema chai yangu ina sukari kidogo mno kwa mtu aliyeolewa juzi, akaondoka kwa mlango ule ule wa nyuma.

Nimemkasirikia mchana kutwa. Nimemwita mwoga, kimoyomoyo. Jioni nikakumbuka watoto wake ni sita, hasira ikakosa pa kukaa.

Mama yako simwelewi. Kila alfajiri anajifunga kile kitambaa cha kazi, anakaa kizingitini, lori linapita, anakifungua, anakikunja. Halalamiki, hanilaumu. Afadhali angenilaumu. Nadhani ndivyo walivyolelewa, kuinamisha kichwa mpaka shingo ikasahau. Unisamehe, ni mama yako, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeyaandika haya.

Novemba 22

Mvua. Zeituni zinaanguka zenyewe. Nimelala upande wako wa kitanda, ili ule mtupu uwe wangu.

Novemba 28

Simu yako ilikuwa fupi. Kelele za watu nyuma. Ulisema unanipenda mbele yao wote, nikasikia wakipiga miluzi. Nimeishi kwa hilo mpaka sasa hivi.

Desemba 2

Nimekwenda dukani kununua chumvi na kuona sura za watu. Salem Ghzal alikuwa amekaa na mwenye duka. Mpole, kama kawaida yake. Sijapata kumsikia akipaza sauti.

"Karibu, bi harusi. Mumeo hajambo huko?"

"Hajambo."

"Tumesikia kitabu kinatoka. Jina gani litaandikwa juu ya jalada?"

Alijua, Monji. Kila mtu anajua kitambulisho chako kinasema Monji Atig Ghzal, yaani aliyeachwa huru na Ghzal, kana kwamba waliomwachia babu wa babu yako wamemaliza jana na wanasubiri shukrani.

"Jina lake," nikamwambia.

"Basi litakuwa letu," akasema, na mwenye duka akacheka. "Mtoto wa nyumba anaisema nyumba. Amekula kwetu yule mpaka akaota ndevu."

"Alikula jikoni, Sidi Salem."

Nikatoka nimeinua kichwa. Nilifika hadi kwenye mkaratusi wa shule ndipo nikasikia nilichokisema. Sidi. Bwana wangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nimelisikia midomoni mwa majirani tangu nifike, na lilipopata nafasi likatoka lenyewe, limevaa nguo zake zote.

Chumvi nimeisahau.

Desemba 5

Hukupiga. Najua una kazi. Nimekaa juu ya paa, nikaangalia lori likirudi limejaa watu wanaoimba.

Desemba 12

Mama ameniamsha twende kuokota. Wachumaji wakishamaliza shamba, zilizobaki chini ni za yeyote, hata Ghzal hawezi kulikataza hilo. Udongo ulikuwa baridi, zeituni zimekunjamana kama vidole vilivyokaa majini. Tumeokota tangu asubuhi hadi adhuhuri na kapu halikujaa. Mafuta ya mwaka jana yamebaki kwenye mtungi kiasi cha kuupaka mkate, si kuulowesha. Kwa nyumba hizi mtungi mtupu ni aibu kuliko nguo iliyochanika. Mgeni akija utamwekea nini? Lakini wageni wenyewe hawaji.

Mama aliniambia jambo moja tu asubuhi nzima: "Ukiinama, kunja magoti. Mgongo wako usiwape."

Nilidhani anazungumzia kuokota.

Ulipiga saa nane. Sauti yako ilikuwa imekauka kwa kuwasomea watu kitabu. Nilitaka kukwambia, "Njoo." Neno fupi hivyo. Nikakwambia nimeota unanichomea karanga. Ukasema utanichomea kilo nzima.

Desemba 18

Leo ni harusi ya mjukuu wa Lella Mannubia. Tangu nifike nasikia kwamba hakuna binti wa nyumba ya Ghzal anayetoka kwao bila mama yako Marzuka. Ndiye anayetangulia na bendiri, ngoma yake ya mkononi, ndiye anayejua nyimbo za kumtoa bi harusi, aliimba alipotolewa mama wa huyu binti, na shangazi zake wote. Leo wamemwita mwanamke wa kijiji kingine.

Ngoma zilianza kabla ya jua kupanda. Zilikuwa zinafika hapa kama zimeingia kwa miguu. Mama alikaa uani, akawa anapepeta ngano isiyohitaji kupepetwa, ameupa mgongo upande wa sauti. Nikaona vidole vyake vikigonga ukingo wa ungo. Walikuwa wanaimba vibaya, hilo hata mimi nililisikia, wanakimbiza pale pa kungoja. Kila walipokosea, vidole vyake vilisimama vikangoja mahali sahihi, kisha vikaendelea.

Nikaingia ndani nikalia kwenye koti lako. Leo haukuwa mchanga.

Nimefikiri hivi: mwanamke huyu amepoteza mafuta, kazi, majirani, na sasa wimbo wake, kwa sababu ya mabusu matatu ya mashavuni niliyoyatoa mimi. Na mimi nina sentensi. Nimeitazama sentensi yangu kwa mara ya kwanza bila kuipenda.

Desemba 20

Nimekwenda, Monji. Naandika nikiwa nimekaa chini.

Nilimwambia Mama nakwenda kutafuta kuni. Nikavaa lile shali jekundu la harusi, nikapanda hadi nyumba ya Ghzal. Uwanja ulikuwa bado umejaa mabaki ya sherehe, maganda ya lozi, viti vimepinduliwa. Msichana wa kazi, mweusi kama mimi, alinifungulia mlango wa jikoni. Nikamwambia nataka kuingia kwa mlango wa mbele. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Dada, unakuja kufanya unachokuja kufanya, halafu unachagua mlango?"

Nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Lella Mannubia alikuwa sebuleni na wanawake wawili wa kwao, wanakula vitumbua vya asali vilivyobaki. Aliponiona hakushangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa dharau, nilikuwa nimepanga hata jinsi ya kuibeba. Hakukuwa na dharau. Alikuwa akiwasimulia wale wanawake habari ya mkufu uliopotea, na huku anasimulia akanyoosha mkono upande wangu, chini kidogo, kama unavyomnyooshea mtu taulo. Hakukatiza hadithi. Nikainama. Nikaubusu. Ulikuwa na harufu ya sabuni na hina, na ulikuwa laini, na mwepesi, mkono wa bibi yeyote. Nikauinua hadi kwenye paji langu kama nilivyosikia inafanywa. Mkufu ulikuwa umepatikana ndani ya kiatu. Wakacheka wote watatu.

Kisha akanipapasa shavu. "Mumeo ni mtoto wetu," akasema. "Vijana huandika, wakizaa wanaacha. Chukua kitumbua, binti yangu."

Nikachukua. Hicho ndicho kinachonichoma. Mkono niliubusu kwa ajili ya mama yako, lakini kitumbua nilikila mimi, njiani, hadi kidole cha mwisho, kwa sababu sijaonja kitu kitamu tangu uondoke.

Alasiri mkokoteni wa Salem ukaleta mitungi. Robo ya mafuta ya msimu mzima, kana kwamba tulichuma kila siku. Mama alitoka akaitazama mitungi, kisha akanitazama mimi, na shali langu.

"Kuni ziko wapi?" akauliza.

Nikalivua shali, nikalikunja.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Uliinama?"

"Niliinama, Mama. Nilifanya kwa ajili yako."

Akakaa kizingitini polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba na anataka kuipokea akiwa ameketi.

Desemba 21

Hasemi nami. Mafuta yako pale pale uani, hajayagusa.

Desemba 23

Hasemi nami. Leo lori lilisimama mlangoni, Zaara akaniita kutoka juu, "Bi harusi, haya, panda!" Wote walinisogezea nafasi. Nilirudi ndani. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa waliponisogezea nafasi.

Desemba 26

Simu yako. Ulikuwa umelewa furaha. Umesoma sura ya nne mbele ya ukumbi mzima, na ulipofika kwenye mistari ya mwisho watu walisimama. "Wanawake walilia, Ramla. Waliuliza mke wangu yuko wapi, wanataka kumwona." Nikakwambia hongera. Ukaniuliza mbona sauti yangu iko mbali. Nikasema ni upepo.

Ningekwambiaje kwa simu, nimesimama kati ya kuku, kwamba mwanamke wanayemlilia hayupo?

Desemba 29

Leo Mama amesema nami. Naandika yote kabla sijachanganya.

Asubuhi alikuta nimeukata mkate na nimeacha kuupaka mafuta. Akaenda uani, akachota kijiko kutoka mtungi mpya, akakimimina katikati ya sahani, akachovya.

"Kula," akasema. "Mafuta hayajambusu mtu."

Tukala. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani ungenikataza."

"Ningekukataza. Ndiyo maana ya kuuliza." Akafuta sahani kwa mkate. "Wewe ulidhani mimi nimeubusu mara ngapi?"

"Maisha yako yote," nikasema. Ilinitoka kama nilivyoihifadhi.

"Nani kakwambia?"

Basi nikamwambia, Monji. Nikamsomea sentensi yako kwa kichwa, sehemu yake na sehemu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichokaa ndani miaka, na katikati yake kikageuka kitu kingine.

"Niliubusu mara moja," akasema. "Wiki ya harusi yangu. Nilirudi nikaosha mdomo hadi ukatoka damu. Baada ya hapo, hebu waulize wale wa juu, wameniona lini nimeingia nyumba ile mikono mitupu? Kama ni harusi, bendiri mkono huu, na mkono huu unaipiga. Kama ni Idi, sinia kichwani nimelishika kwa mikono yote miwili. Kama ni msiba, nimebeba maji. Nikiitwa tu, naenda na mzigo. Lella ananyoosha mkono, mimi namwambia, Lella, nisamehe, mikono yangu imejaa. Miaka yote hiyo. Anajua. Mimi najua anajua. Wanawake wote wa huku chini wanajua, na mabinti zao nimewafundisha, ndiyo maana Zaara hupanda kule na kapu hata kama halina kitu. Wewe ningekufundisha, msimu ukiisha. Sikujua mtu atakwenda kabla sijamfundisha."

Monji, nilijiona mdogo kama punje. Siku zote hizi nilimhurumia kwa ajili ya wimbo, na bendiri ndiyo iliyokuwa ngao yake. Walipomnyima harusi ile hawakumnyima kuimba tu. Nilimwandika humu kwamba shingo yake imesahau kuinuka. Ukurasa ule sitauchana, nataka uusome.

"Kwa nini hukumwambia Monji?" nikamuuliza.

"Aliniuliza lini?" Hapo ndipo macho yake yalipobadilika. "Alizunguka vijiji vyote na ile mashine ya kurekodi sauti. Aliwauliza wazee wa kiume, mmoja mmoja. Walikuja hapa, wakakaa pale kwenye mkeka, wakasema, akarekodi. Mimi aliniomba chai."

Sikukutetea. Nakupenda kuliko nilivyokupenda kituoni, hilo ndilo la ajabu, lakini sasa nakupenda nikiwa nimekuona.

Januari 2

Ulipiga. Nikakuuliza tu kama sura ya nne imeshakwenda mtamboni. Ukasema bado, watamalizia kusahihisha wiki ya tatu. Ukauliza kwa nini. Nikasema nina neno la kusahihisha. Ukacheka, ukasema, "Wewe, roho yangu? Sahihisha hata jalada."

Hukujua kwamba sifanyi mzaha.

Januari 4

Zaara amekuja, kwa mlango wa mbele. Amekaa na Mama, amekunywa chai yote, akaomba nyingine. Nilimwuliza kuhusu kapu. Akajifanya haelewi, kisha akashindwa kujizuia. "Siku ya kwanza niliweka jiwe ndani ili liwe zito," akasema. "Marzuka akaniambia, mjinga wewe, mikono iliyojaa haipimwi uzito."

Wakacheka wote wawili, na mimi nilikuwa ndani ya kicheko kile, Monji, si pembeni yake.

Kisha Zaara akauliza kama haya nayo yataandikwa. Mama akasema hajui, anangoja kuulizwa. Zaara akasema, "Yakiandikwa, Lella atajua tumemchezea."

"Anajua," akasema Mama.

"Anajua, lakini hajaambiwa. Ni mambo mawili." Akageuka kwangu. "Mwambie mumeo, hili si lake kulitoa. Akilitaka, aje atuombe. Huenda tukampa. Huenda tukamnyima, tukampa lingine."

Januari 5

Lori lilisimama tena asubuhi, shamba la mwisho. Mama alikuwa kizingitini, hajajifunga kitambaa cha kazi. Dereva akamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema ana safari.

"Safari ya wapi, Mama Marzuka? Hujapita Medenin maisha yako."

"Ya Tunis. Nina mtoto huko anaandika habari zangu bila mimi."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, mpenzi. Ijumaa ukipiga nitakwambia hivi: usiwape sura ya nne. Waambie mkeo ameubusu mkono, sentensi ikafa, au waambie lolote, lakini isiende mtamboni na uongo wangu na uongo wako ukiwa umeshikana mikono. Mimi nitakuja kukueleza kwa mdomo wangu habari ya sebule ile, na kitumbua, na utanitazama ninaposema, hata kama utashindwa. Ukumbi ukitaka kuniona, utaniona nilivyo. Mama atakaa nawe kwa mashine yako, kama atapenda, na yale ambayo hatapenda utayaacha. Anasema siku hiyo chai utachemsha wewe. Amekwisha kumwomba Zaara amlishie kuku. Tutakuja, mama yako na mimi, kabla ya ile wiki ya tatu ya kusahihisha.